Kisahani cha Mbwa Asiye na Pua

Andika hivi, mjukuu wangu. Baba yangu alizaliwa Sigowet, mama yangu karibu na Silibwet, na wote wawili walikufa bila kuona mbwa akipikiwa wali. Mimi nilimwona, nyumbani kwangu, katika miaka ya tisini, na aliyempikia ni nyanya yako.

Mama yako, binti yangu, alikuwa akitunza nyumba ya meneja wa shamba la majani chai. Meneja huyo alipohama alimwachia mbwa wake: mdogo, uso bapa kama uliobanwa na mlango, akikoroma hata akiwa macho. Mama yako naye akaolewa Nakuru, akatuletea mbwa pamoja na nusu gunia la chakula chake cha dukani. Hakikumaliza mwezi.

Ndipo nyanya yako alipoanza kutafuta kitakachomfaa. Ugali ulimkwama, kwa maana hakuwa na pua ya kuchotea wala meno yaliyokaa sawa. Mursik, maziwa yetu ya kibuyu, yalimjaza tumbo upepo. Basi kila Jumamosi nyanya yako alikwenda Sotik kununua maini, akayachemsha bila chumvi, akayaponda pamoja na wali na malenge, akayatandaza juu ya kisahani bapa ili mbwa alambe bila kuzamisha uso. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni. Akinenepa, alisema, pumzi itaziba.

Mimi niliwekewa ugali na sukuma wiki. Michai yote ya pale nyumbani niliipanda kwa mikono yangu, na hakuna siku niliyoulizwa kama chakula kimepita vizuri kooni. Siku moja nikamwambia kwamba hata mimi meno yangu ni mabovu.

"Wewe una mikono, mzee," akajibu bila kugeuka. "Huyu hata pua hana."

Wivu ulinikaa kifuani kama moshi wa kuni mbichi.

Kisha ukazaliwa wewe, na nyanya yako akaenda Nakuru siku tatu. Aliacha maini yameiva, akaniagiza kuhusu vijiko. Maini niliyala mimi. Mbwa nilimpa kiporo cha ugali ndani ya sufuria, kama nilivyowapa mbwa wa boma, nikijiambia kwamba mbwa ni mbwa.

Alitumbukiza uso wote. Alimeza mara mbili, halafu mkoromo ukakatika na ulimi ukageuka rangi ya zambarau. Kusema kweli sikumwonea huruma. Niliwaza nitamwambia nini nyanya yako. Nikamkamata, nikaingiza kidole kooni, nikatoa donge. Alipopata pumzi hakunikimbia. Alilaza kidevu juu ya kiatu changu, akakoroma.

Kesho yake nilikwenda Sotik mwenyewe. Nyanya yako aliporudi alinikuta nimechutama, naponda maini kwa vidole.

"Kumbe unajua kuponda, baba watoto," akasema huku akicheka, na jioni hiyo aliniwekea mimi maini kwanza, mbwa baadaye. Niliyala yote. Sikumwambia. Mbwa akarudi kumfuata yeye, nami nikarudi kwenye wivu wangu hadi siku mbwa huyo alipokufa kwa uzee.

Sasa sikiliza. Nikifa, kibuyu cha mursik mpe mama yako. Kisahani kiweke wewe, wala usimpakulie mgeni ndani yake. Na hapo nilipotaja kiporo usipafute, hata mama yako akikuomba. Nyanya yako alikufa akidhani nilimtunza mbwa wake tangu siku ya kwanza.