Zahanati Zisizo na Dereva

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa na kazi ambayo sikuweza kumweleza mama yangu. Kila nilipokwenda kumtembelea Machakos aliniuliza kama ni mimi ninayepika dawa huko kiwandani. Nilimwambia hapana, mimi naiuliza kompyuta maswali. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize sentensi, kisha akaenda kuangalia moto.

Kiwanda kilikuwa Industrial Area na kilitengeneza dawa za maji: za kikohozi, za tumbo, za minyoo. Mimi nilikaa Jericho na mdogo wangu wa kike pamoja na mwanawe wa miaka mitatu. Asubuhi nilivuka Jogoo Road kwa miguu pamoja na umati wa wenzangu wa viwandani, na jioni nikarudi vivyo hivyo. Kompyuta ilikuwa imewekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya lebo, na bado kilinuka gundi. Tulikuwa wawili tu tulioielewa, mimi na kijana mmoja mzaliwa wa Pumwani, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a lakini yeye alijua Sheng kuliko Kikuyu.

Kumbukumbu za kiwanda tulikuwa tumeziweka ndani ya mashine katika majedwali. Kulikuwa na jedwali la wateja, yaani hospitali, zahanati na maduka ya dawa. Kulikuwa na jedwali la mizigo, lililoonyesha kila mzigo ulikuwa wa dawa gani, katoni ngapi, wa mteja yupi, na ulipelekwa na dereva yupi. Na kulikuwa na jedwali la madereva wenyewe. Jedwali moja peke yake halikusema mengi. Jedwali la mizigo, kwa mfano, lilimtaja mteja kwa namba tu. Ukitaka jina lake na mahali alipo, ilibidi uandike swali linaloliunganisha na jedwali la wateja. Kuandika maswali hayo ndiyo ilikuwa kazi yetu.

Asubuhi moja mfamasia mkuu aliingia bila kubisha. Alikuwa mama mtulivu ambaye hata akikukaripia hukaripia kwa sauti ya chini. Mkononi alishika chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto.

"Fungeni mlango," alisema.

Nikaufunga. Akaiweka chupa mezani na kutuonyesha namba iliyopigwa kwenye lebo. Kila pishi moja la dawa tuliliita bachi, na kila bachi ilikuwa na namba yake, iliyoandikwa pia katika jedwali la mizigo.

"Bachi hii imetiwa dawa mara mbili. Maabara wamepima chupa wanayobakiza kwa kila bachi, wakarudia kupima. Nataka kujua kila mahali ilipokwenda. Sasa hivi."

"Mtoto akinywa itakuwaje, madam?" mwenzangu aliuliza.

"Atalala. Akiwa mdogo, anaweza kulala mpaka pumzi iwe shida."

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na kikohozi, na siku mbili kabla ya hapo mama yake alikuwa amempeleka zahanati ya karibu na kwetu. Dawa aliyopewa sikuwa nimeiona. Nilijiambia kwamba zahanati ndogo kama ile labda hata hainunui kwetu, nikaketi mbele ya mashine.

Swali la kwanza niliandika haraka mno. Niliyataja majedwali lakini sikuiambia mashine yaungane kwa kitu gani. Ilinyamaza kwa muda, kisha printa ikaanza kulia na haikunyamaza tena. Karatasi zilikuwa zikianguka sakafuni kwa mikunjo, kila mteja tuliyewahi kuwa naye akiwa ameandikwa mbele ya kila mzigo.

"Sista," mwenzangu alisema, "hii imeleta Kenya mzima."

Tulijaribu kuisimamisha ikakataa. Ilibidi tuizime na kuiwasha upya, na kuiwasha haikuwa jambo la dakika moja. Mfamasia alisimama nyuma yetu akitazama saa yake. Taa ya chumba ilififia mara moja, kama ilivyokuwa kawaida stima ikitaka kupotea, nikajikuta nimeshika ukingo wa meza kama kwamba ningeweza kuizuia isiende.

Stima ilibaki. Mara ya pili niliandika polepole, mwenzangu akisoma kwa sauti kila mstari: mzigo na mteja wake kwa namba ya mteja, mzigo na dereva wake kwa namba ya dereva, bachi iwe ile tu. Mfamasia alitaka dereva awemo ili amuulize kila mmoja alishusha wapi. Mara hii jibu lilikuwa fupi na safi. Karatasi moja, haikufika hata chini. Mfamasia akaichana kwenye printa na kwenda nayo kwenye simu.

Niliitazama ile orodha kwenye kioo, herufi za kijani, nikitafuta zahanati ya kwetu. Haikuwepo. Nilishusha pumzi. Mwenzangu akacheka kidogo, si kwa furaha, na kusema anaenda kutafuta chai.

Lakini sikutulia. Hata leo sijui vizuri ni nini kilichonisumbua. Nadhani ni ule usafi wa jibu. Baada ya ile fujo ya kwanza, lilikuja likiwa limechanwa nywele. Nikaiambia mashine ijumlishe katoni za orodha ile. Kisha nikapiga simu chumba cha mapishi kuuliza bachi ile ilitoa katoni ngapi. Za kwenye orodha zilipungua kumi na tisa. Nikapiga simu stoo. Mzee wa stoo akaniambia hakuna hata chupa iliyobaki, alikuwa ametoka kukagua na mfamasia mwenyewe.

Mwenzangu aliporudi na vikombe nilimwonyesha.

"Labda zilivunjika," alisema.

"Katoni kumi na tisa?"

Akaweka vikombe chini bila kunywa. Kutoka kwenye ofisi ya jirani tulimsikia mfamasia akipigia hospitali ya kwanza, akirudia namba ya bachi tarakimu moja moja. Kila dakika tuliyokaa, watu walikuwa wakiiamini ile karatasi.

"Tuivunje," nilisema. "Tuulize kipande kimoja kimoja."

Tuliuliza jedwali la mizigo peke yake, bila kuliunganisha na chochote. Katoni zote zilikuwepo. Tukaongeza jedwali la wateja. Bado zilikuwepo zote. Tukaongeza jedwali la madereva, na zile kumi na tisa zikatoweka.

Tuliangaliana. Mwenzangu ndiye aliyesema kwanza.

"Nionyeshe mizigo ambayo haina dereva."

Niliandika swali lile kwa haraka, nikakosea mara mbili. Jibu likaja: mizigo mitatu, na mahali pa namba ya dereva palikuwa patupu. Walikuwa wateja wadogo ambao hawangoji lori la kampuni. Huja wenyewe na mkokoteni au gari la kuazima wakajichukulia. Kwa kuwa hawakuwa na dereva, mashine haikupata cha kuwaunganisha nacho katika jedwali la madereva, ikawaacha nje. Haikulia wala haikuandika kosa lolote. Iliwaacha tu, na kutupa jibu kana kwamba hawajawahi kuwepo.

Mmoja alikuwa mtaa wa Lucky Summer. Wa pili alikuwa Mukuru kwa Reuben. Wa tatu alikuwa zahanati ya kwetu Jericho.

"Ni kwetu," nilisema. "Mtoto wetu alikwenda hapo."

Mwenzangu alikimbia kumwita mfamasia. Zahanati zote tatu hazikuwa na simu. Mfamasia aliagiza gari linipitishe Jericho kisha liende Lucky Summer. Mwenzangu alisema Mukuru ni karibu, atafika kwa miguu kabla gari halijageuka, na akatoka akiwa bado amevaa koti la kazi.

Dereva aliniuliza kitu pale Jogoo Road, nikamjibu ndiyo, na mpaka leo sijui nilikubali nini. Kwenye zahanati tulimkuta nesi akiwa peke yake. Nilipomtajia namba ya bachi alifungua kabati, akageuza chupa moja, na uso ukambadilika. Alizitoa zote na kuzifungia ofisini. Alikuwa amegawa chache tu, na akina mama aliowapa aliwakumbuka kwa sura na milango yao. Akafunga zahanati akaenda kuwatafuta mmoja mmoja.

Mdogo wangu nilimkuta nje akianika nguo. Alishangaa kuniona mchana.

"Umefukuzwa kazi?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Ile dawa ni nzuri, dada. Leo hajakohoa hata kidogo."

Nilimpita. Mtoto alikuwa kitandani, mdomo wazi, shingo imelegea. Nilimwita, sikupata jibu. Nilimtikisa, akafungua macho nusu na kuyafunga. Pumzi ilikuwepo lakini ilikawia, nami nikawa nasimama kuisubiri kila moja. Nilimbeba na ile chupa mpaka kwenye gari, mdogo wangu akitufuata bila viatu, akiuliza nini, nini.

Dereva alitushusha hospitalini, akachukua namba ya bachi na kuendelea Lucky Summer. Daktari aliisoma chupa, akanisikiliza, akaagiza mtoto awekewe maji ya mshipani na asiachwe peke yake. Tulikaa kwenye benchi. Mdogo wangu alikuwa ameelewa sasa.

"Si wewe uliniambia dawa za kiwanda chenu ndizo nzuri?" alisema. "Si ni wewe?"

Nilikuwa nimesema hivyo, na nilikuwa nimeamini.

Jua likielekea kushuka tulisikia mtoto akitapika, kisha akalia kwa hasira, kilio cha mtu aliyesumbuliwa usingizini. Mdogo wangu aliinua kanga akajifunika uso. Siku iliyofuata walituruhusu kwenda nyumbani. Mtoto alitaka mandazi. Mama yake hakuzungumza na mimi vizuri kwa wiki nzima, alinipakulia chakula na kukiweka mezani kimya, na sikumlaumu.

Lucky Summer chupa zilikutwa karibu zote kabatini. Mukuru ndiko kulikokuwa na taabu. Mwenzangu na muuguzi wa huko walizunguka vichochoroni wakiita kwa sauti, na Jumapili wakaomba nafasi ya kutangaza makanisani. Chupa nyingi zilirudi. Nyingine zilirudi nusu. Nyingine hazikuonekana, kwa sababu watu wa huko wengi ni vibarua, leo wako hapa, kesho wamehama. Hatukusikia mtoto yeyote aliyekufa. Nilipomwambia mfamasia hivyo, akinishukuru ofisini kwake, alisema, "Hatukusikia," na akatazama dirishani.

Aliagiza kwamba kuanzia siku hiyo mzigo wowote ukitoka bila dereva, mahali pake paandikwe kwamba mteja alijichukulia mwenyewe, na pasiachwe patupu. Tukafanya hivyo. Nilibaki pale miaka kadhaa. Kila jibu lilipokuja fupi na safi, nilianza tena kuuliza kipande kimoja kimoja. Wakubwa waliokuja baadaye waliniona mwanamke mwoga anayechelewesha kazi. Mwenzangu aliwaambia waniache nimalize.