Vitabu Viwili vya Maji Yale Yale

Katika chuo chetu cha Butembo, kila mwanafunzi anayemaliza huandika kitabu cha utafiti wake, kile tunachokiita TFC. Akishakitetea mbele ya jury ya walimu, analeta nakala moja maktabani. Mimi nakipiga muhuri, nakiandikia fishi, ile kadi ya katalogi, nakipandisha rafuni. Hiyo ndiyo kazi yangu, pamoja na kufundisha wanaosomea ukutubi. Nilikuwa nawaambia kwamba kitabu kisichopatikana ni sawa na kitabu ambacho hakikuandikwa. Nilikuwa nalisema neno hilo kwa fahari.

Vitabu vyenyewe sikuvisoma. Nilitazama kichwa na ukurasa wa yaliyomo, basi. Mwezi wa saba vinaingia marundo kwa marundo, na wengi wamenakili vya mwaka uliopita pamoja na makosa yake.

Asubuhi ya Jumanne moja mdogo wangu wa kike alinipigia simu kutoka Beni. Alisema, "Yaya," yaani dada mkubwa, "tumbo ya mutoto wangu imekuwa nguvu kama mubao." Nilipanda pikipiki saa ileile. Nilipofika hospitalini walikuwa wameshampasua. Ilikuwa tifoide, homa ya matumbo, na utumbo ulikuwa umetoboka. Mutoto alifungua macho, akanitambua.

"Mama mukubwa, umeniletea nini?"

Sikuwa nimeleta kitu. Alikufa siku ya pili, mchana, mama yake akiwa amekwenda kufua mashuka. Alikuwa na miaka tisa.

Muuguzi aliyekuwa anamhudumia, mwanamke kijana wa huko Lubero, alinisindikiza hadi kwenye mlango. Aliniuliza familia inakaa wapi. Nilipomtajia mtaa, alifumba macho.

"Pale tena," alisema. "Mama, mimi niliandikaka juu ya ule mutaa wakati nilikuwa namaliza masomo. Batoto bote bale ba tifoide, karibu bote banatoka pale. Kitabu yangu iko kwenu Butembo, ndani ya bibliothèque."

Nilimwambia kwamba maktaba hiyo ni mimi ninayeitunza. Alifurahi. "Kumbe uliisoma?"

Nikasema ndiyo. Nilimdanganya mbele ya mlango ambao ndani yake mutoto wetu alikuwa bado amelala.

Baada ya matanga nilirudi Butembo nikakitafuta. Kilikuwa mahali pake, chini ya namba ya magonjwa, fishi imeandikwa kwa mkono wangu. Nikaanza kutafuta fishi nyingine zote zilizotaja mtaa ule. Nikapata moja, chini ya namba ya mabomba na maji machafu. Ilikuwa ya kijana wa ufundi wa ujenzi, wa mwaka uleule. Alikuwa amechora ramani ya tiyo, bomba la maji, toka kwenye chemchemi hadi kwenye robinet ambako mtaa unachota. Mahali fulani tiyo ilipita chini ya vyoo vya shule. Hapo aliandika kwamba kiungo kimepasuka, na kwamba presha ikishuka, maji machafu yanaingia. Alipendekeza tiyo ipitishwe upande wa pili wa barabara.

Mmoja alihesabu wagonjwa bila kujua maji yanaharibikia wapi. Mwingine alijua yanaharibikia wapi, ila hakumwona mgonjwa hata mmoja. Nilipima umbali kati ya vitabu hivyo viwili kwa mikono yangu. Haukutimia hata mikono miwili. Miaka minne vilikaa hivyo.

Niliandika kurasa kumi na mbili nikiviunganisha, nikaomba kuzisoma mbele ya kamati ya utafiti ya chuo. Mwalimu wa ufundi alisikiliza, akasema tifoide si jambo la section yake, yaani idara yake. Mwalimu wa afya akasema tiyo si jambo la section yake. Mkuu wa kamati alivua miwani.

"Mama, tunakuheshimia. Lakini wewe si ingénieur, si munganga wa hospitali. Hii recherche, hii utafiti, iko ya section gani?"

"Ya bibliothèque," nilijibu. "Ni mimi niliviweka pale."

"Basi kazi yako ilikuwa kuviweka. Uliviweka muzuri."

Walicheka, bila ubaya, kama watu waliochoka. Kisha wakapita kwenye jambo lingine.

Nilipeleka nakala ya kurasa zangu Beni, kwenye ofisi inayohusika na maji. Waliipokea, wakaipiga muhuri, wakaniambia ningoje. Nilingoja wiki sita. Ndipo nikamtafuta yule kijana wa ramani. Nilimkuta katika mji wa Kirumba anauza saruji na misumari. Ufundi wake haukuwa umempa kazi. Nilipomwonyesha kitabu chake alikipapasa jalada kama kitu cha marehemu.

"Nilizania hakuna mutu aliisoma," alisema.

"Hakuna," nilimwambia. Sikutaka kudanganya mara ya pili.

Alikuja Beni. Jumapili, baada ya ibada, pasta alitupa nafasi, na kijana na muuguzi wakasimama mbele ya watu, kila mmoja na kitabu chake. Ndiyo mara ya kwanza walikutana. Jumamosi iliyofuata mtaa ule ulifanya salongo, kazi ya pamoja. Wanaume walichimba, wanawake wakabeba udongo, tiyo ikatolewa kipande kwa kipande. Kiungo kilikuwa kimepasuka palepale alipochora. Tope jeusi lilitoka na harufu yake, watu wakarudi nyuma. Kufikia saa nane tiyo mpya, ya michango ya mtaa, ilikuwa upande wa pili wa barabara.

Ilikuwa kazi ya nusu siku.

Mdogo wangu hakuchimba. Alikaa kando ya shimo na kanga yake mabegani, akitazama lile tope. Watu walipoanza kunawa mikono, alinikaribia.

"Ile kitabu ya tiyo, ulikuwa nayo toka lini?"

"Miaka mine."

Alihesabu. Nilimwona anahesabu.

"Alikuwa na mitano," alisema. "Alikuwa hajaanza hata masomo."

"Sikujua nini iko ndani."

"Yaya, sikuulizi kama ulijua. Nauliza kama ulikuwa nayo."



Sasa navisoma vyote, toka mwanzo hadi mwisho, na wanafunzi wananicheka kwa sababu nachelewa kuvipandisha rafuni. Nikikuta jambo zito naandikia wakuu barua. Nimeandika nyingi. Hakuna aliyenijibu.

Pasaka nilikwenda Beni na viazi vya Lubero. Mdogo wangu alinipokea vizuri, akaniwekea kiti cha mgeni, kile chenye kitambaa, akaniletea chai kwenye kikombe ambacho hatukukitumia kamwe sisi wawili. Tuliongea juu ya mvua. Nilipoaga alinifikisha kwenye njia, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Wasingya," alisema. Asante, kwa Kinande, kama unavyomwambia mtu baki uliyemkuta njiani.