Maganda Yangu Kwenye Maji ya Mama Mkwe

Mimi shule niliiachia darasa la tatu, na mashine ya kwanza ya injini ya kumenya kahawa kwenye mlima wetu wa Nyakiyumbu niliileta mimi. Si serikali, si mzungu: mimi. Wenye vyeti walikuwa bado wanazungusha ya mkono. Msimu ukifika, watu wanateremka na magunia ya kahawa nyekundu, na maganda yote nayasukuma kijitoni. Yalioza, maji yakawa kama chai iliyochacha. Sifichi.

Chini yangu anakaa mama mkwe. Kwa desturi yetu, mimi na yeye hatutazamani wala hatuongeleshani. Basi siku moja alisimama nyuma ya ukuta wa jikoni, akatua jerikeni, akamwita mke wangu kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Mutoto wangu, ambia bwana yako akunywe hii maji. Ikiwa tamu, nitamuletea ingine."

"Ambia mama yako," nikajibu, "ni hii mashine ilimuwekea mabati!"

"Muambie sisi hatunywi mabati."

Nilikasirika, na kilichonichoma zaidi ni kwamba alisema kweli. Nilichimba shimo mwenyewe, refu kunipita. Maganda yakaoza humo, nikayatia kwenye migomba. Njooni muone mikungu yangu, mwanaume mmoja haiinui. Shimo lilipojaa nikawaambia wateja: kila mtu arudi na maganda yake shambani, ni mbolea hiyo.

"Bosi, tumechoka kubeba kahawa, sasa tubebe takataka?"

Wakacheka, wengi wakahamia kwa jamaa aliyefungua mashine huko juu. Naye anamwaga kijito kilekile! Watu wajinga. Mama mkwe akaendelea kuchota uvundo akiamini ni wangu. Mke wangu alimweleza, hakusadiki. Mimi kwenda kumwambia, siwezi. Afisa wa mazingira nilimwita, akatazama kijito, akanywa soda yangu, akaenda.

Basi nikazima injini, wakati kahawa inaiva kwelikweli, ili asikie kimya changu na aone maji bado machafu. Nilikaa nimenuna kando ya chuma baridi. Siku ya nne mama mkwe akapita njiani, uso amegeuzia kule, akapanda mlima.

Yule jamaa wa juu hakuoa binti yake. Hakuna cha kumzuia kumtazama machoni. Nilimsikia mama akimfokea nikiwa kwangu, neno kwa neno, na injini ya jamaa ilinyamaza kabla hajamaliza.