Tausi Mweupe Asiye Wangu

Mimi nauza asali Tabora. Shule niliishia darasa la tatu, na nyumba yangu ya Ipuli nimeijenga kwa asali, tofali kwa tofali, sikusaidiwa na mtu. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nimeanza kuzeeka vibaya. Jambo ninaloliandika lilinipata nikiwa na akili zangu zote.

Mchezo uliletwa nyumbani na mjukuu wangu wa kike, yuko kidato cha pili. Aliuweka kwenye simu yangu kwa kuwa simu yake ilikuwa imejaa. Ni mchezo wa ndege. Usifikiri kuna kukimbia au kupigana. Kuna picha ya ndege amesimama, na miguu yake haigusi hata chini. Aliyemchora alikuwa na haraka. Asubuhi unabonyeza anakula, jioni unabonyeza tena. Ukimlisha siku kadhaa unapewa yai, yai linatoa ndege mwingine, basi. Kilichobaki chote ni kubadilishana. Mimi nina bundi, wewe una njiwa, tupatane. Watu wamejaa humo, wa Mwanza, wa Mombasa, wa sijui wapi, wanaandikiana kutwa nzima juu ya ndege wasioingia chunguni.

Nilimwambia mjukuu wangu, "Huu ni upuuzi."

"Ndiyo, babu. Lakini huyo bundi usimtoe kwa njiwa watatu. Watakuona mshamba."

Hilo la ushamba ndilo lililoniingiza. Nimenunua asali kwa watu waliochanganya sukari na maji, wakaichemsha, wakaapa, na nikawashika kwa kunusa tu. Leo nionekane mshamba kwa bundi? Nikakaa, nikalitazama soko lao. Soko ni soko. Kuna wenye pupa, kuna wanaojifanya hawataki, kuna anayekusifu huku anakupima. Haikufika mwezi nilikuwa nimetoka kwenye bundi mpaka kwa mbuni wa dhahabu, na sikumdanganya mtu.

Ila mchezo wenyewe umeundwa kivivu. Hauna njia ya watu wawili kupeana kwa pamoja. Lazima mmoja atangulie kutoa, na wengi wakishapokea hutoweka. Ndiyo maana wanatafuta mtu wa katikati: wote wawili wampe yeye, kisha yeye agawe. Wakaanza kuniita mimi. "Mzee shikamoo, tushikie." Nashika, nagawa, sichukui hata yai. Sikatai kwamba nilifurahi. Watu wasioijua sura yangu walikuwa wananiamini.

Ndipo akaja mama mmoja, hakusema yuko wapi, akaniachia tausi mweupe. Tausi mweupe ni adimu humo, wapo wachache. Mwenzake alikuwa atoe ndege saba, na huyo mwenzake hakutokea. Nikamwandikia mama, "Mwenzako hajaja, niambie nikurudishie." Kimya. Kesho yake kimya. Wiki nzima kimya. Na mchezo hauruhusu kumrudishia mtu kitu mpaka yeye mwenyewe afungue na kupokea.

Kanuni ya mchezo ni hii: ndege asiyelishwa siku mbili huruka, na akiruka harudi.

"Babu, muache aruke," mjukuu akasema. "Ni picha."

"Ni kitu cha mtu."

"Basi nipe simu mimi, nitamlisha."

"Kakupa wewe?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Ujana wangu nilianzia dukani kwa Mwarabu mmoja wa hapa mjini, nikipima mafuta ya taa. Mzee yule alinifundisha neno moja linalozidi madarasa yangu yote matatu: amana haihami mkono bila ruhusa ya mwenyewe. Ukimpa mwingine akushikie, umeshaivunja, hata isipopotea. Na wazee wangu waliletwa huku na njia ya misafara, wamebeba mizigo ya watu mabegani, isiyo yao, miezi kwa miezi. Sikulelewa kuuliza mzigo una nini ndani.

Kwa hiyo nikalisha. Asubuhi baada ya swala, na jioni kabla ya magharibi. Mke wangu alinikuta naiegemeza simu dirishani nikitafuta mtandao, akaniuliza kama nimeoa mwanamke mwingine. Nikamwambia afadhali ingekuwa hivyo, huyo ningemwacha.

Msimu wa asali ukafika. Kule Usinge, upande wa msituni, nina mrina asali mmoja, wa rika langu. Tangu nilipokuwa nikimfuata kwa baiskeli, asali yake hainunuliwi na mtu kabla sijafika, na mimi sinunui kwa mwingine kabla sijaionja yake. Hatukuandikiana. Tulishikana mikono mara moja, ikatosha. Lakini ukienda kwake huendi dukani. Mnaingia msituni pamoja, mnalala huko siku tatu, nne, mnakwenda mzinga kwa mzinga, na ninapokea asali mbele ya macho yangu. Huko mtandao haupo. Simu huko ni tochi.

Alinipigia. "Mbona kimya, bwana? Nyuki wamekusubiri mpaka wameanza kuniuliza."

"Nakuja wiki ijayo."

Wiki hiyo ilipofika nikamwambia ijayo. Nilikuwa nikimwandikia yule mama kila siku: mama, nipe ruhusa nimkabidhi mtu mwingine, nina safari. Hakujibu. Nikaanza kuwaza kwamba labda amekufa. Hilo likanizidishia mzigo, kwa maana mwenye amana akifa warithi wapo, na mimi sijui jina lake, sijui mji wake, sina mlango wa kubisha hodi. Usiku nilikuwa nalala vizuri, nisidanganye. Mchana ndio nilikuwa kama mbuzi wa kamba: naona majani ng'ambo, natembea, shingo inavutwa.

Mara ya tatu mrina aliponipigia hakutania. Alisema, "Asali haisubiri kama mimi." Nikaondoka siku ileile.

Nilifika Usinge mchana, nikamlisha tausi pale kituoni mtandao ulipokuwa ukikohoa, nikaenda kwake. Alinikaribisha, tukala ugali na uyoga. Nje kulikuwa na madumu ya asali yamefungwa vitambaa vyekundu. Si alama yangu.

"Hayo yana mwenyewe," akasema. "Alikuja mtu wa Kaliua. Nilimwambia asubiri, akasubiri siku sita. Nikampa mkono."

"Umempa mkono."

"Nimempa. Hata wewe ungenishangaa nikimgeuka."

Akaendelea. "Lakini ya mizinga ya mbali, kule ng'ambo ya mbuga, sijamwahidi mtu. Kesho alfajiri naingia. Siku nne. Njoo, tuirudishe njia yetu."

Siku nne. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, kama mtoto, japo nilikuwa najua jibu.

"Siwezi," nikasema.

Alinitazama. "Una mgonjwa nyumbani?"

"Nina amana ya mtu. Lazima niiangalie asubuhi na jioni."

Nilitaka akasirike. Angeuliza ni amana gani ningemwambia, na angenicheka, na kicheko chake kingenitoa kwenye ile kamba. Hakuuliza. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. "Sasa nimekuelewa," akasema. "Nilikuwa nimekuwekea kinyongo. Nisamehe. Amana haina mjadala."

Miaka yote ile sijawahi kumdanganya, na siku ile sikumdanganya. Ila uso wangu ulikuwa wa moto.

Aliingia ndani, akatoka na chupa ya asali ya nyuki wadogo, ile ya dawa, ambayo hata mimi haniuzii. Nikanyoosha mkono nikidhani ni yangu.

"Mpelekee mwenye amana," akasema. "Mwambie imetoka kwa mrina wa Usinge, kwa heshima yake. Mtu anayekuzuia wewe usije kwangu lazima ni mtu mkubwa."

Nilipaswa kukataa palepale. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Chupa iko nyumbani Ipuli, chini ya kitanda changu, na nimemkataza kila mtu kuigusa. Yule mama hajajibu mpaka leo, na tausi bado namlisha. Mke wangu alikuwa na kifua mwezi uliopita, akaomba kijiko kimoja. Nilitoka nikamnunulia asali kwa mtu mwingine, sokoni, mimi.