Kurasa Nne za Nondo

Mwanafunzi wa usanifu majengo hahitimu bila mafunzo ya kazini. Mimi yangu niliyafanyia Eastleigh, katika ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mapazia, na kutwa nzima nilichora. Vyoo, ngazi, milango, vyoo tena. Bosi alinigandisha pale kwenye kiti kwa sababu nilikuwa mwepesi wa kompyuta, naye ilimshinda. Mjengo, kule kwenye ujenzi wenyewe, alikwenda peke yake.

Taabu ni kwamba daftari la mafunzo lilidai saa za mjengo. Bila hizo mshauri wangu wa chuo hangetia sahihi, na bila sahihi yake ningerudia mwaka. Mamangu, muuza mitumba wa Gikomba, alikuwa ameshawatangazia majirani wa ploti nzima tuliyopanga kwamba nimemaliza. Nilimwomba bosi mara tatu anipeleke. Mara ya tatu alicheka.

"We jaza tu, bana. Si ramani unazo? Sisi wote tulijaza hivyo."

Nikajaza. Jumba la ghorofa tano kule mtaa wa Majengo, slabu, sakafu ya simiti iliyo juu ya ghorofa ya pili: nimekagua nondo, vile vyuma vya ndani, kabla ya kumwaga simiti, unene milimita kumi na mbili, nafasi sentimita kumi na tano. Yote niliyanakili kutoka kwa ramani ya injinia iliyokuwa mezani. Kurasa nne, mwandiko mzuri. Siku mbili hivi nilijiona mwizi, kisha nikazoea.

Mshauri alipokuja kunikagua, mama wa makamo asiye na maneno mengi, bosi alimkaribisha kwa soda, akaketi katikati yetu na kujibu kila swali nililoulizwa mimi.

"Huyu ako sawa, madam. Mjengo anaijua."

Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Halafu simu ya bosi ikalia, naye akatoka kuongelea mlangoni. Mshauri akafungua zile kurasa nne na kuzisoma polepole.

"Kazi hii ni safi mno," akasema kwa sauti ya chini. "Mtu aliyefika mjengo huandika makosa. Hapa nondo zimeachana, pale fundi amesahau kuziinua kutoka kwenye mbao. Wewe hukuona kosa hata moja. Ulikuwa pale?"

Bosi nilikuwa namsikia mlangoni, akimcheka mtu kwenye simu.

"Zikate hizi kurasa kwa mstari sasa hivi," akaendelea, "nami nitakutafutia ofisi nyingine. Utachelewa, lakini utamaliza."

Kalamu aliisogeza mpaka karibu na mkono wangu. Nikawaza kurudi ploti kumwambia mama asubiri mwaka mwingine, na ujinga wangu wote ukanipanda kichwani.

"Nilikuwa pale, madam."

Akaichukua kalamu yake, akatia sahihi. Hadi leo namkasirikia. Alijua, na bado akasaini.

Nilihitimu, mama akachinja kuku, bosi akaniajiri pale pale kwenye kiti changu. Watu walikuwa wameshahamia lile jumba la Majengo mtunzaji wake alipopiga simu kusema kuna ufa darini, ghorofa ya pili. Bosi hakuinua hata kichwa.

"Enda wewe. Si ni wewe ulikagua? Imeandikwa, na madam wako akasaini."

Hiyo ndiyo siku niliyolikanyaga jumba hilo kwa mara ya kwanza. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinifungulia. Kitanda alikuwa amekisukuma hadi ukutani. Ufa ulianza dirishani ukapita juu ya balbu. Nikaugonga kwa ufunguo wa ofisi, maana ilibidi nifanye kitu.

"Injinia, ni wewe uliangalia hizi vyuma kabla wamwage simiti?"

"Ndiyo," nikasema. Nisingeweza kusema lingine.

"Basi niambie. Tulale hapa ama tuhame?"

Vyuma vilikuwa ndani ya simiti na sikuwahi kuviona. Nikamwambia wahame. Akaniuliza kwa nini, shida ni gani hasa, ili ajue la kumwambia mumewe. Nikamwacha pale chini ya ufa, nikashuka ngazi.