Shimo kwenye mihrabu

Leo nimejua kuwa tambi zetu za Idi tunazilia kwenye mali ya msikiti.

Nilimpeleka bibi kijiji cha Samad, kwenye msikiti wa kale alimokuwa akisali babaake kabla hajahamia Unguja. Umri wote bibi alitamani kusali rakaa mbili pale.

Mihrabu yake imepachikwa mabakuli ya kaure. Moja halipo, pamebaki shimo.

"Limekwenda wapi?" nikamwuliza mzee mwenye ufunguo.

"Lile la samaki wa buluu? Aliyeling'oa alisafiri nalo, binti. Hakurudi."

Kwetu lipo bakuli la samaki wa buluu. Lina chokaa chini, tumesugua miaka yote haitoki.

Bibi alikuwa ameshavua viatu. Akavivaa tena.

"Husali, bibi?"

"Twende zetu."

Tulipokaribia nyumbani akaanza:

"Baba aliniambia limetoka kwao. Mimi sikuuliza kwao wapi."

Kisha akasema, "Nikifa, lirudishe. Nikiwa hai siwezi kumwaibisha baba."

Liko mbele yangu sasa, nimelikausha.

Nyinyi mngengoja?