Bata Bukini Kabla ya Sabato

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini jioni, na muuza dawa za mifugo pale Ikonge alikuwa anafunga duka mapema kwa ajili ya Sabato, inayoanza jua likitua; nami nilikuwa miongoni mwa wateja wa mwisho. Mama mmoja akaingia amembeba bata bukini ndani ya leso, kama mtoto mgonjwa.

"Daktari, yai limemkwama tangu jana. Jirani ananiambia nilivute."

"Usivute, mama. Likipasuka ndani, tutampoteza."

"Na ndiye peke yake anayetaga kwangu."

Muuzaji alilitazama jua mlangoni, kisha akaweka kufuli chini. Akamimina maji ya moto ya themosi kwenye karai, akayapoza, akayapima kwa kiwiko, akamketisha bata humo.

"Huyu naye ni Msabato," mteja mmoja akasema. "Ameshaacha kazi."

"Wee, anakusikia," mama akajibu, akimpapasa bata shingo.

Tulicheka. Bata alifumba macho. Mvuke ulipanda taratibu, mwanga wa jioni ukaingia kutoka mashamba ya majani chai, na nikajikuta ninapumua polepole pamoja naye. Hakuna aliyeuliza saa. Hatimaye yai likatua karaini, ganda lake laini kama ngozi.

"Amepungukiwa chokaa," muuzaji akasema, akiokota kufuli. "Mchanganyie maganda ya mayai yaliyosagwa."

Mimi kila kilichokwama hukivuta. Asubuhi iliyofuata niliamka safu hii ya gazeti imekataa kutoka. Nikapasha maji, nikajaza karai, nikatia miguu, nikafumba macho.